Freeciv: ramani ni nzuri, ila historia ya Nyanda za Juu utaichora mwenyewe

Freeciv ni mchezo wa mikakati unaochezwa kwa zamu. Ni wa bure, na ulianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark. Hauhitaji kadi ya michoro, na ukicheza dhidi ya kompyuta hauhitaji intaneti. Laptopu ya mtumba inautosha. Hapa nazungumzia ramani na senario zake tu, yaani michezo yenye ramani iliyoandaliwa tayari, kwa sababu ndizo zinazonifanya niupende, na ndipo mchezaji wa Iringa au Mbeya anapokwama mapema.

Kwenye orodha ya senario utakuta dunia kwa saizi mbili, miraba 80 kwa 50 na 160 kwa 90, halafu Ulaya ya 200 kwa 100, Visiwa vya Uingereza, Ufaransa, Rasi ya Iberia, Italia, Japani na Amerika Kaskazini. Pwani na milima vimechorwa kwa uangalifu. Ila nyingi ni jiografia tupu yenye sehemu za kuanzia. Usitegemee vita, mkataba au uasi utakaozuka wenyewe mwaka fulani.

Shida kubwa kwetu ni kipimo. Ikweta ina takriban kilomita 40,000. Gawanya kwa 160, kila mraba ni kilomita 250. Kutoka Mbeya hadi Iringa kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 280, yaani mraba mmoja na ushee. Sasa kuna mpangilio unaoitwa citymindist: ukiwa 2, miji miwili haiwezi kugusana. Hapo lazima uchague, Mbeya au Iringa. Na kwa kanuni za classic (mojawapo ya seti za kanuni za Freeciv) mji unatumia miraba 21, hadi miwili kutoka katikati, kwa hiyo hiyo Iringa yako itakuwa inavua samaki Bahari ya Hindi. Kwenye dunia ndogo mraba ni kilomita 500, na Nyanda za Juu Kusini nzima inamezwa na mraba mmoja au miwili. Dunia kubwa naipendekeza kwa mchezo wa kawaida wa kujenga taifa. Dunia ndogo ni ya mchezo mfupi, tena usiweke wapinzani wengi kwenye aifill (mpangilio wa idadi ya wachezaji, ambapo kompyuta hujaza nafasi zilizobaki), la sivyo mtabanana kabla hamjagundua chuma.

Anayetaka historia ya hapa achore ramani yake, na hapa ndipo Freeciv inapopata alama za juu kwangu. Kabla ya kuanza mchezo, weka mapsize iwe XYSIZE, xsize 50 na ysize 45. Ukihesabu mraba kuwa kilomita 10, umepata eneo la kilomita 500 kwa 450, linalotosha Rungwe, Usangu, Njombe hadi Udzungwa. Ondoa WRAPX, vinginevyo askari akitoka ukingo wa mashariki ataibukia magharibi. Anza mchezo, bonyeza Ctrl+E, uanze kupaka ardhi. Bonde la Usangu liwe tambarare lenye kinamasi cha Ihefu katikati, na milima iwekwe kwa uchache: kwenye kanuni za classic kilima na msitu hula hatua 2, mlima hula 3, na ukiijaza milima kila mahali majeshi hayatasogea.

Kwa senario ya Wahehe na Wajerumani anza na Kalenga, ngome kuu ya Wahehe, na pale mjini Iringa pabaki wazi, kwa kuwa Iringa ya sasa ilijengwa na Wajerumani baada ya Kalenga kuanguka. Wape Wahehe vikosi vya Legion (askari wa miguu wa kale) na Wajerumani Musketeers (askari wa bunduki) na Cannon (mizinga). Halafu hakikisha killstack imewashwa. Huu ndio mpangilio unaoibeba Lugalo, mahali Wahehe walipowavizia Wajerumani: kundi la vikosi likiwa kwenye mraba mmoja nje ya mji au ngome, mlinzi wake akishindwa wote wanakufa pamoja. Ndivyo msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, ulivyoangamia tarehe 17 Agosti 1891, ukiwa njiani, haujajipanga kupigana.

Usitarajie Legion mmoja amalize kazi. Ana shambulio 4 dhidi ya ulinzi 3 wa Musketeers, ila uhai wake ni 10 na wa mwenzake 20, hivyo mara nyingi anayekufa ni yeye. Majeraha ya adui lakini hayaponi papo hapo, kwa hiyo shambulia mfululizo katika zamu ileile. Msafara ukiwa na Musketeers mmoja tu, Legion wa pili au wa tatu ndiye anayevuna. Weka angalau Legion watatu kwa kila msafara unaouvizia.

Kalenga nayo inatoka sawasawa. Legion ana ulinzi 2; ndani ya mji anaongezewa nusu, ukuta unazidisha mara mbili, jumla 6. Cannon inashambulia kwa 8, tena ina uhai 20. Mji unaanguka, kama ulivyoanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mjerumani asiache Cannon peke yake nje ya ukuta, maana ulinzi wake ni 1 tu. Na mchezo usiishie mji unapotekwa: Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipigana hadi 1898, basi mwekee vikosi kadhaa milimani tangu mwanzo.

Kompyuta haijui kuvizia. Ikabidhi Wajerumani, wewe ushike Wahehe. Kinyume chake mchezo unapooza.

Kabla ya kuhifadhi, fungua sifa za senario uweke alama ya kuhifadhi wachezaji. Bila hiyo utabaki na ardhi tu, vikosi vyote ulivyopanga havitakuwepo. Weka pia saveturns iwe 1 ili umeme ukikatika upoteze zamu moja tu. Faili ni dogo, linapita WhatsApp bila shida, ila kwanza muulize rafiki yako ana toleo gani: lililohifadhiwa kwenye toleo jipya halifunguki kwenye la zamani.