Uzoefu wangu na Starter Set ya Dungeons & Dragons: boksi la mwendesha mchezo anayeanza

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani wa kusimulia: mwendesha mchezo anaeleza kisa na kuwasemea maadui, kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na dadu zinaamua kinachofanikiwa. Boksi ninalolizungumzia ni lile la mwaka 2014, lililotoka pamoja na toleo la tano la mchezo. Langu lilikuja kwenye begi la binamu yangu akirudi kutoka Uingereza, maana Kariakoo nilikozunguka, dadu nilizoonyeshwa zilikuwa za ludo tu. Tunachezea Sinza, sebuleni kwa dada yangu, Jumamosi mchana, wachezaji watano na mimi mwendesha mchezo. Niseme mapema: ukitaka kujifunza kuendesha kampeni, yaani kisa kirefu kinachochezwa kwa vikao vingi, linalipa. Ukitaka kitu cha kufungua na kucheza jioni hiyohiyo bila kusoma, litakuudhi.

Ndani kuna kitabu cha kanuni cha kurasa 32, kitabu cha kisa cha kurasa 64, wahusika watano walioandikwa tayari, na dadu sita, kila moja ya umbo lake. Dadu ya nyuso 20 ndiyo inayotumika kila dakika, na ni moja tu, basi inazungushwa mezani kama sahani ya kashata. Vinyago vidogo vya kusimamia wahusika mezani hamna, ramani kubwa ya mezani hamna. Sisi tulichora kwenye karatasi ya manila, na vizibo vya soda vikawa maadui.

Thamani yote iko kwenye kitabu cha kisa. Wahusika wanasindikiza mzigo kwenda mji mdogo uitwao Phandalin. Njiani wanakuta farasi wawili wamekufa barabarani, na vibwengo wanne (goblin, viumbe wadogo wakorofi) wamejibanza vichakani. Kibwengo mmoja ana pointi 7 za uhai, zikiisha kaanguka, na unaweza kudhani ni kitu cha kupuliza tu, ila mchawi wa upande wenu akiwa daraja la kwanza, yaani ngazi ya kuanzia, naye pointi zake ni karibu hizohizo. Mishale miwili ikimpata, yuko chini. Nilichopenda ni kwamba kitabu kinamwambia mwendeshaji afanye nini wachezaji wakishindwa: vibwengo wanawaacha wamezimia, wanawapora na kwenda zao, kisa kinaendelea. Kwa anayeanza, huo ni msaada mkubwa kuliko kurasa nyingi za kanuni.

Halafu kuna pango. Ndani yake kibwengo mmoja, Yeemik, amemshika mateka mtu mnayemtafuta, na anataka mapatano: mkamuue bosi wake Klarg ili yeye achukue nafasi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Mmoja wa wachezaji wangu anauza viatu Kariakoo, akaweka dadu chini, akamwambia kibwengo, "Bosi, mzigo wenyewe umeshaupiga hadi umevimba, halafu unataka bei ya mpya? Tuongee vizuri." Meza nzima ikavunjika mbavu. Nikamjibu palepale kwa sauti ya kibwengo, bila kufungua ukurasa, kwa sababu nilishajua Yeemik anataka nini na anamwogopa nani. Walivutana hadi chai ikapoa. Hakuna aliyekumbuka kwamba zamu za kupigana zilikuwa hazijaanza.

Tangu siku hiyo maandalizi yangu yamekuwa mafupi. Nina kaunta buku. Upande wa kushoto naandika kila mtu watakayeweza kukutana naye safari ijayo: anataka nini, anajua nini, atafanya nini wachezaji wasipomfikia. Upande wa kulia nauacha wazi kwa yatakayotokea. Sisomi kitabu chote, nasoma eneo linalofuata tu, tena mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya Ubungo. Yale maelezo ya Kiingereza ya kuwasomea wachezaji siyasomi kabisa. Natoa wanachokiona, wanachokisikia na harufu iliyopo, kwa Kiswahili cha kawaida, basi.

Sehemu ya mji ndiyo iliyonichosha. Wachezaji wakifika Phandalin wanamwagiwa majina na shida za watu kwa mkupuo, na majina hayo hayakai kichwani. Nilipunguza. Mkuu wa mji, mzee mwoga anayewakwepa majambazi, nilimtambulisha kama mtendaji wa kata, na sikuhitaji kueleza zaidi. Walimjua papo hapo, mmoja akauliza kama mhuri anao.

Upungufu mwingine: kanuni za boksi zinaishia daraja la tano, na hazikufundishi kuunda mhusika wako mwenyewe. Hilo lina dawa, kwa sababu kanuni za msingi zinapatikana bure mtandaoni, na tangu 2023 kuna hati ndefu zaidi ya kanuni iliyotolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu watu kuitumia na kuisambaza bure. Pakua mapema uweke kwenye simu. Umeme ukikatika katikati ya mchezo, taa ya simu na kanuni vinakaa mkono mmoja.

Tahadhari moja kwa atakayeendesha: kuna kijiji kilichoachwa, Thundertree, na humo anakaa joka la kijani lenye pointi 136 za uhai. Pumzi yake ya sumu inang'oa wastani wa pointi 42, na wahusika wanaweza kufika pale wakiwa bado wachanga. Onyesha dalili kabla: miti iliyokauka, mifupa, mtu anayewasihi wasipite. Wakiingia hata hivyo, hiyo ni shauri yao.

Lilipotoka lilikuwa dola 19.99. Mwaka 2022 lilikuja boksi jingine lenye kisa tofauti, kwa hiyo anayekuuzia muulize ni lipi. Ukipata la 2014 lililokwishatumika, angalia kwanza kitabu cha kisa kama kurasa zote zimo. Dadu zikikosekana kuna programu za simu, na karatasi za wahusika omba za mwenzako ukatoe kopi stesheneri.