Mashine za masikio: uzoefu wangu wa kuzivaa, pamoja na watu wanaonizunguka

Hii naiandika kwa yule aliyeambiwa usikivu wake umepungua na mpaka leo hajaamua avae au aache. Mimi navaa zile ndogo zinazokaa nyuma ya sikio, kuna kawaya kembamba kanashuka hadi ndani na mwishoni pana kaspika, usiku unaziweka kwenye chaji asubuhi unavaa. Jibu fupi ni kwamba zinafanya kazi, vaa. Jibu refu ni kwamba zinafanya nusu ya kazi, ile nusu nyingine iko kwa watu unaoishi nao na unaofanya nao kazi, na hiyo hakuna muuzaji atakayekwambia.

Kwanza tuelewane kuhusu tatizo lenyewe, maana wengi wanadhani ni sauti imekuwa ndogo tu, ukiipandisha limeisha. Sivyo kabisa. Ndani ya sikio kuna kimrija kilichojikunja, humo kuna seli zenye vinyweleo vinavyopokea mtetemo, zinakadiriwa kama 15,000 kila sikio, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Mara nyingi zinazotangulia kwenda ni za mlangoni mwa hicho kimrija, ambazo kazi yake ni kushika sauti nyembamba. Sasa a, o na u nguvu yake kubwa iko kwenye sauti nzito, zinakufikia vizuri tu, ila s, f, sh na th nguvu yake iko juu kule, hezi 3,000 (yani mitetemo 3,000 kwa sekunde) na kupanda. Kwa hiyo mtu akiongea hata chumba cha pili unajua kabisa anaongea, ila hujui kasema amefika au ameshika. Ndo maana mtu akikwambia "nakusikia ila sikuelewi" hakudanganyi, anakueleza hali ilivyo, na inamuumiza sana pale unapomjibu kwamba anasikia akitaka.

Na hapo hapo ndo penye suala la kupiga kelele. Ukimpigia kelele mtu wa aina yangu, kinachopanda zaidi ni zile irabu ambazo tayari nilikuwa nazipata, zile konsonanti zinabaki nyuma au zinaharibika kabisa. Tena sikio lililoumia lina tabia nyingine ya ajabu, sauti ndogo halisikii lakini sauti kubwa linaisikia kubwa vile vile kama mtu mwingine yeyote, yani nafasi kati ya "sijasikia" na "naumia" imekuwa finyu. Kwa hiyo mtu anakuinamia sikioni anapayuka, amekunja uso, wewe unashtuka na bado hujajua kasema nini, na watu wote wamegeuka kuwaangalia.

Haya, mashine zenyewe. Zikipimwa na kusetiwa na mtu anayejua, zinapandisha zaidi zile sauti ulizopoteza na nyingine zinaziacha karibu zilivyo. Siku ya kwanza nilisikia karatasi. Nilikuwa nimesahau kwamba karatasi ukiigeuza inatoa sauti, nikasikia ndala zangu sakafuni, funguo mfukoni, maji yanayodondoka bafuni, na vyote vilikuwa vikali mpaka nikachoka kichwa mapema. Hilo ni la kawaida, ubongo umekaa muda mrefu bila hizo sauti unahitaji wiki kadhaa kuzizoea na kuamua ipi ya kuipuuza, usizivue ukaziweka kabatini. Sauti yangu mwenyewe nayo ilinikera, nzito, kama naongea nimeingiza kichwa mtungini, kumbe ni sauti nzito za koo langu zinanaswa ndani ya tundu la sikio kwa sababu kile kipira cha mwisho kimeziba, wakanibadilishia nikapewa chenye vitundu na tofauti niliiona pale pale.

Kitu kimoja dai wakufanyie: wakiwa wanaseti waingize ule mrija mwembamba wa kupimia ndani ya sikio lako huku mashine imevaliwa, wapime sauti inayofika kweli kwenye kiwambo cha sikio. Tundu la sikio la kila mtu lina umbo lake, ile setingi ya kompyuta peke yake ni makadirio. Mimi sehemu ya kwanza hawakunifanyia, nilipoenda kwingine wakanifanyia ndo nikaanza kusikia s vizuri.

Mengine madogo madogo: nta ya sikio inaziba kaspika, badilisha kile kichujio chake mapema. Jasho si rafiki. Ukimkumbatia mtu sikio likabanwa inapiga mluzi, ni sauti inayotoka kwenye spika inarudi kwenye maiki, wala haijaharibika.

Kwenye kelele ndo utaona mwisho wa uwezo wake. Zina maiki mbili, moja mbele moja nyuma, zinalinganisha sauti imefika wapi kwanza halafu zinapunguza zinazotoka nyuma, ni akili kubwa sana kwenye kitu kidogo kuliko kidole gumba na naiheshimu sayansi iliyoingia humo. Ila mashine haijui mimi nataka kumsikiliza nani. Inakisia kwamba ni aliye mbele yangu. Anayenijua anakuja mbele yangu, ananiangalia, anaongea kawaida bila haraka, na hiyo inanisaidia kuliko setingi yoyote ya kwenye apu, maana sehemu ya wazi kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6, kwa hiyo mtu akisogea hatua chache tu ameshanipa kitu ambacho mashine ingehangaika kukitafuta.

Sasa watu. Neno linaloniumiza kuliko yote ni "basi, achana nayo". Wamecheka wote mezani, nauliza kimesemwa nini, binti yangu ninayempenda sana ananiambia "achana nayo baba, si kitu cha maana". Najua hana nia mbaya. Lakini yeye ndo ameamua kwamba mimi hicho kicheko sikihitaji, na ukishaambiwa hivyo mara nyingi unaacha kuuliza, unatabasamu wakitabasamu, baadaye unaacha hata kuja kukaa nao. Watu wanasema wazee wanajitenga, mi nasema wengi walitengwa kidogo kidogo na hilo neno. Nilikaa naye nikamweleza hivi hivi nilivyoandika hapa, sasa ananirudia, kwa maneno mengine kama ya kwanza hayajapita, inachukua sekunde chache tu.

Halafu kuna sehemu moja ya matibabu, yule wa mapokezi alivyoona tu mashine akahamisha macho kwa binti yangu, "baba anasumbuliwa na nini? Anatumia dawa gani?" Nipo mbele yake, akili zangu timamu, dawa zangu nazijua kwa majina. Binti akamwambia kwa heshima, "mwulize mwenyewe dada, anakusikia." Akaniuliza. Tukamaliza vizuri kabisa. Basi hivyo ndivyo inavyotakiwa, na haikuhitaji teknolojia yoyote.

Na siku hizi limeingia jipya, kwa vile kila mtu ana spika za Bluetooth masikioni kuna wanaodhani nasikiliza muziki, wananiambia nitoe masikioni tuongee. Nikieleza wanaona aibu wao, mimi sina shida, aibu yangu imepungua tangu masikio ya wote yalipoanza kuvaa vitu. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2021 lilisema watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu fulani wa kusikia, kwa hiyo kwenye chumba chochote chenye watu wengi si ajabu tukawa wawili watatu.

Kuna historia moja naipenda kwenye mambo haya. Transista, kile kidude kidogo cha kukuza na kuongoza umeme kilichobadilisha dunia nzima ya elektroniki, bidhaa yake ya kwanza kabisa kumfikia mnunuzi wa kawaida ilikuwa mashine ya sikio, mwishoni mwa 1952, redio ya transista ikafuata 1954. Wenye hataza waliwasamehe malipo watengenezaji wa mashine za masikio kwa heshima ya Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu ambaye kampuni yao ilitokana naye, na ambaye mama yake alikuwa hasikii vizuri na mke wake kiziwi kabisa. Na Bell huyo huyo ndo aliyepigania watoto viziwi wafundishwe kuongea kwa mdomo badala ya lugha ya ishara, na viziwi wengi mpaka leo hawajamsamehe, nawaelewa. Kwa hiyo hata mtu aliyewapenda hivyo wa nyumbani kwake aliweza kuamua kwa niaba ya wengine jinsi wanavyopaswa kuwasiliana bila kuwauliza wenyewe.

Cha mwisho, kama una hela ya kuongeza kitu kimoja tu nunua ile maiki ndogo ya pembeni, anayeongea anaibana kwenye shati na sauti yake inakuja moja kwa moja kwenye mashine, umbali na kelele za chumba haviingilii sana. Wapo walioikataa, mmoja aliniuliza kama namrekodi, nikamwonyesha haina sehemu ya kuhifadhi chochote. Kwenye vikao vyetu mwenyekiti ndo anaishika mwenyewe sasa, anampa anayetaka kusema kabla hajafungua mdomo, na watu wamezoea mpaka mtu akiongea bila kuishika wenzake wanamsimamisha. Mazungumzo yamekuwa ya mmoja mmoja, na nimesikia wengine wasio na tatizo la masikio wakisema hata wao sasa wanaelewa zaidi.