Kopo la pilipili ya kupuliza: asilimia si kitu, angalia linavyoruka

Mimi hubadilisha pesa kwenye mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, na jioni narudi nyumbani mtaa wa Katuba na mkoba ambao mtaa mzima unajua una nini. Bastola siitaki kwenye nyumba yenye watoto, na walinzi wa kampuni kwetu hawabebi bunduki. Imebaki pilipili. Shemeji yangu, dereva wa lori, aliniletea aina tatu kutoka Johannesburg kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kwa ndege sahau, mashirika mengi hayataki hata kuliona kopo lenyewe.

Wauzaji wanakusifia asilimia: hili 10, lile 18. Namba hiyo ni kiasi cha mafuta ya pilipili, wala si ukali wake. Pilipili isiyowasha, ukiijaza kopo zima, bado haiwashi. Kinachochoma ni kapsaisini na jamii yake, na kwenye makopo makali kabisa huwa kama asilimia 1.3 tu. Kopo lisiloandikwa kiwango hicho mimi silinunui.

Tuliyapuliza yote matatu nyuma ya nyumba, tukilenga katoni tuliyoiegemeza ukutani. Ilikuwa mwezi wa nane, upepo wa vumbi unavuma. Lile la ukungu lilitoa wingu, likafika katikati likageuka, likaingia jikoni. Mama mkwe akatoka anakohoa, anauliza nani ameunguza pilipili. Basi kwa kiangazi chetu, ukungu hapana. La mkondo lilikwenda moja kwa moja na kulowesha katoni, ila matone madogo yaliturudia usoni. Nililobaki nalo ni la jeli: linatoa kitu kizito cha rangi ya chungwa, kinafika hatua nne au tano, kikigonga kinanata hapo hapo. Ubaya wake, lazima umpate mtu machoni. Ukungu hata ukikosea shabaha, mtu ataupumua. Jeli ikipita sikioni imepotea.

Kingine ni kifuniko. Langu lina kibati cha kuinua kwa kidole gumba, unakisikia kwa kidole hata umeme ukiwa umekatika. Lile la kuzungusha, gizani hujui limefunguka au bado.

Mpaka leo nimelitumia kwa mbwa tu, wale wa alfajiri wanaotembea kundi. Aliyetangulia alipata usoni, akasugua pua chini, wenzake wakatawanyika. Mpwa wangu anayesoma sheria Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) ananicheka: mkataba wa silaha za kemikali wa 1993 unakataza vitu hivi vitani, lakini polisi wanaruhusiwa kutuliza ghasia navyo. Nikamwambia wanajeshi wana vyao, mimi nina mkoba.

Pilipili ikikupata wewe, nawa kwa maji mengi ya baridi, ngozi utumie sabuni ya vyombo kwa sababu ni mafuta, na usisugue. Maziwa watu wanayasifu bure, hayashindi maji. Usiliache kwenye gari juani. Tazama pia mwaka uliopigwa chini ya kopo, maana gesi hupungua polepole na siku ya shida likatema mate tu.

Nyota nne kwa tano. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya kibanio cha kuning'iniza mkandani: plastiki yake nyepesi, imevunjika mapema, na sasa nalifunga kwa mpira wa baiskeli.