Homoni ya parathairoidi na kalsitonini: ipi ina kauli kwa seli zinazokula mfupa?

Bibi mmoja wa Ujiji aliniuliza: dagaa nala kila siku, mifupa yangu inaliwa na nani? Na osteoklasti, bibi, seli za ukoo mmoja na chembe nyeupe za damu. Peptidi mbili, yaani homoni zilizo minyororo ya asidi amino (vijenzi vya protini), zinavutana juu ya seli hizo.

Homoni ya parathairoidi, yenye asidi amino 84, huongezeka kalsiamu ya damu ikishuka. Ajabu ni kwamba haisemi na osteoklasti zenyewe. Hupitia kwa jirani: seli zinazojenga mfupa huzidisha RANKL, protini inayoziamsha osteoklasti, na kupunguza osteoprotegerini, protini inayoizuia. Seli changa zikiipata RANKL huungana, hukomaa, huanza kula. Lakini kipande cha homoni hii cha asidi amino 34, dawa iitwayo teriparatidi, kikidungwa mara moja kwa siku hujenga mfupa! Kinachobomoa ni homoni kukaa juu mfululizo.

Kalsitonini, asidi 32, huzifikia osteoklasti moja kwa moja na kuzituliza. Ya samaki samoni ina nguvu kuliko ya binadamu (migebuka wetu hawajaulizwa). Ila seli huizoea upesi. Mimi naiona breki hafifu: hata aliyeondolewa tezi ya shingo inayoitengeneza, mifupa yake haiporomoki kwa kuikosa.