Mtoto safarini msimu wa joto: nunua kipi kwanza ili alale vizuri

Vifaa vinavyodaiwa kumlaza mtoto ni vingi kuliko mizigo unayoweza kubeba. Hapa tumevipanga kwa kigezo kimoja: kinachomlinda akiwa usingizini kinatangulia, kinachompunguzia joto kinafuata, na kinacholeta giza au utulivu kinakuja mwisho. Fedha ikitosha kitu kimoja tu, nunua cha kwanza na uishie hapo.

1. Kitanda cha kukunja

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka anatakiwa alale chali, peke yake, juu ya godoro gumu lililo bapa, pasipo mto, blanketi wala mwanasesere. Sofa haifai, na kitanda cha wageni chenye mito pembeni hakifai pia. Ndiyo maana kitanda cha kukunja kinaongoza orodha hii kwa mbali.

Kwa safari ya gari, kile cha kawaida chenye fremu ya chuma, uzito wa kilo 9 hadi 13, kinatosha kabisa. Ukisafiri kwa basi au ndege, tafuta chepesi cha kilo 5 hadi 7 ambacho mfuko wake unavalika mgongoni. Vile vinavyofanana na hema dogo ni vyepesi zaidi, lakini tunaviweka chini kabisa: kitambaa hufunika juu, joto hujikusanya ndani, na godoro lake mara nyingi ni jembamba mno.

Dukani kifungue mwenyewe. Kuta ziwe za neti pande zote ili hewa ipite. Bonyeza godoro kwa kiganja kisha uachie. Likibaki na shimo, ni laini mno. Pengo kati ya godoro na ukuta lisizidi upana wa vidole viwili. Fremu ya chuma ina mpangilio wake wa kufungua: inua vyuma vya juu vya pande zote nne mpaka vilie na kujifunga, huku katikati ya sakafu ikiwa bado juu, ndipo uisukume chini. Ukianza na sakafu, pande hazitajifunga hata ukivuta kwa nguvu, na upande ambao haukujifunga unaweza kuporomoka mtoto akiwa ndani. Kukunja ni kinyume chake: vuta sakafu juu kwanza.

Kosa kubwa ni kuongeza godoro la pili kwa kuona la asili ni gumu. Ugumu ule ndio unaotakiwa. Godoro la ziada huacha mwanya pembeni, neti hupanuka, na uso wa mtoto unaweza kunasa hapo akakosa hewa. Tandika shuka moja lenye lastiki lililoshonwa kwa saizi ya godoro hilo, basi. Kifungue nyumbani siku chache kabla ya safari ili harufu ya kiwandani iishe, na mlaze humo usiku mmoja au miwili apazoee.

2. Mfuko wa kulalia mwepesi

Huu ndio unaochukua nafasi ya blanketi. Usitazame picha zake, tazama alama ya TOG, yaani kipimo cha joto ambalo kitambaa hushikilia. Chumba kikiwa na nyuzijoto 24 kwenda juu, chukua 0.2 hadi 0.5; kikiwa kati ya 20 na 24, chukua 1.0. Wa 2.5 ni wa chumba cha baridi, uache nyumbani. Joto likizidi 27, nepi na fulana nyepesi vinatosha, au nepi peke yake. Usimvishe kofia akiwa ndani, kwa kuwa mtoto hupoteza joto jingi kupitia kichwani.

Nunua kwa uzito wa mtoto, si kwa umri. Kola iwe inapitisha kidole kimoja shingoni lakini kichwa kisiweze kuingia ndani. Mifuko iliyojazwa vitu vya kuipa uzito iache. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2022 isitumike. Mtoto anayefungwa nguo kubana mikono aachishwe mara tu anapoanza kujaribu kujigeuza, mara nyingi miezi mitatu au minne.

Kujua kama amepata joto, gusa kisogo au kifua. Mikono na miguu huwa ya baridi hata mwili ukiwa na joto, na wazazi wengi hudanganyika hapo wakamwongezea nguo. Kisogo chenye jasho maana yake punguza kitambaa kimoja.

3. Kigari kinacholala bapa, na kivuli chake

Kwa matembezi ya mchana, mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji kigari ambacho kiti chake hushuka hadi kulala kabisa. Jaribu pia kama paa lake lina dirisha la neti nyuma.

Tunasisitiza hili: usifunike kigari kwa leso, khanga au blanketi, hata liwe jembamba kiasi gani. Hewa husimama, na joto ndani hupanda kwa dakika chache huku wewe ukiamini umemwekea kivuli. Nunua kivuli cha neti kilicho wazi pande zote, au sogeza kigari chini ya mti. Chandarua chake kiwe na lastiki inayobana ukingo wote, na kisiguse ngozi, maana mbu huuma kupitia matundu. Dawa za kufukuza mbu zenye DEET hazipakwi mtoto wa chini ya miezi miwili, hivyo kwake chandarua ndiyo kinga.

Mbeleko ni nzuri pia, ila joto lako na lake hukusanyika pamoja. Chagua ya neti au pamba ya tabaka moja. Uso wake uonekane wakati wote, na kidevu kisiegemee kifua.

4. Feni ndogo ya betri

Ichague yenye matundu membamba yasiyopitisha kidole. Iweke nje ya kitanda, umbali wa mita moja au zaidi, ielekee ukutani na si usoni, na waya, kama upo, usifikiwe na mtoto. Feni huzungusha hewa tu, haipozi. Hewa ikikaribia joto la mwili haisaidii sana. Pamoja nayo, kipimajoto kidogo cha chumba kina thamani kuliko kinavyoonekana.

5. Pazia la kuzuia mwanga

Lenye vikombe vya mpira vya kunata huanguka kioo kikiwa na vumbi au kikipata moto. Futa kioo, lowesha vikombe kidogo, bonyeza kuanzia katikati. Upande unaotazama nje uwe mweupe au wa rangi ya fedha, kwani mweusi hufyonza jua.

6. Mashine ya sauti tulivu

Simu inaweza kufanya kazi hiyo. Ukinunua, iwe mita mbili kutoka kichwani na sauti isizidi desibeli 50.

Vya kuacha dukani

Vitanda vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10 na mito ya kuzungushia kitanda vimepigwa marufuku Marekani kwa sheria ya mwaka 2022. Viota vya sponji, yaani vigodoro laini vyenye kingo za kumzunguka mtoto, navyo viache. Kiti cha gari ni cha kusafiria tu: akikaa humo kwa muda mrefu, kichwa huanguka mbele na kubana njia ya hewa. Simama angalau kila saa mbili, mara nyingi zaidi kwa aliyezaliwa karibuni, mtoe na umlaze bapa, na mkifika mhamishe hata kama amelala. Usimwache garini hata dakika moja. Ndani ya gari lililofungwa juani, joto linaweza kupanda takribani nyuzi 10 kwa dakika 10.