Fundi mwenye alitupangia standi ya bikwembe: meza na taa muzuri, afishi hapana

Bamama benye munauzisha bikwembe hapa Lubumbashi, naandika hii juu bengi munaniulizaka nani alitupangia standi ku maonyesho ya bitambaa. Tulikuwa bamama ine, standi moja ya meta 3 kwa 3, tulimulipa dola 380, mbao na taa ndani.

Kwanza alitaka kupigilia bitambaa byote ku ukuta na agrafe, binyooke sawa picha. Nikakatala. Mukiliya wa kikwembe hanunuaki na macho tu, anakamata, anageuza, anaangalia mugongo juu wax ya kweli (kitambaa cha kupigwa rangi na nta) rangi inatoka pande zote mbili na ile ya kuiga mara mingi inabakia nyeupe-nyeupe nyuma, kisha anatafuta maandiko ya ku pembeni, sasa kama umepigilia ku ukuta atageuza nini? Fundi hakukasirika. Akaenda akarudi na bomba za chuma, akaziweka ku urefu wa meta 2 na sentimeta 20. Kikwembe cha yadi 2 ni meta 1 na sentimeta 83 hivi, basi kikwembe kinashuka chote, maua inaonekana muzima, na hakigusi chini mu vumbi yetu nyekundu. Yadi 6 zinabakia zimekunjwa ku meza.

Na meza sasa! Ni tiriplekisi na miguu ya kukunja, kawaida tu. Lakini ile usiku ya kupanga nilimuona anapitisha kipande cha dantela ku ukingo wa kila meza, polepole, pale kinanaswa anarudilia na msasa. Siku tatu dantela zangu hazikutoka hata uzi moja, bamama, hata moja.

Taa pia alijua. Alituonyesha ku kartoni ya ampule tutafute Ra 90 na kupanda (Ra ni namba ya kuonyesha kama taa inatosha rangi ya kweli, mwisho yake 100), akawasha na ile ya bei chini juu ya kikwembe kile kile, nyekundu yote ikageuka kama kahawia, mwenzangu akasema hii si kitambaa yangu.

Afishi njo ilituumiza. Herufi za sentimeta 4, nyembamba, nyeupe, juu ya picha ya kikwembe yenye maua mingi! Kutoka ku mulango mupaka kwetu ni meta 12 hivi, na kwa kusoma muzuri kutoka pale herufi inaomba sentimeta 10. Batu balikuwa banapita banaingia kwa jirani mwenye aliweka kitambaa cheusi na neno moja, BIKWEMBE. Asubui ya pili nikaitosha, nikakamata karatasi kubwa na markeri: WAX, YADI 6, na bei chini yake. Fundi alisema bei inaharibu uzuri, lakini ile siku bakiliya bakaanza kuingia na feza tayari mu mukono.

Rafu za duka yangu ya ku komini Kenya, hapa Lubumbashi, atatengeneza paka yeye, tulishaongea. Afishi napeleka kwa muchoraji wa mabango, na mbele ya kulipa nitavuka barabara niisome kutoka ngambo.