Omba ratiba kwanza: shule ya serikali ya Tororo inayosomesha watoto wangu

Kila matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, yakitoka, wenzangu tunaofanya kazi ya forodha Malaba, mpakani na Kenya, huanza kuulizana: shule ile ilipeleka wangapi chuo kikuu, hedimasta ni mkali kiasi gani, karo imefika wapi. Ushauri wangu ni mmoja. Nenda kwa mwalimu wa taaluma, omba ratiba ya wiki nzima, ipige picha. Kisha rudi siku ya kawaida, isiyo ya wageni, utazame kama yaliyoandikwa ndiyo yanayofanyika. Shule zetu za serikali zinafuata mtaala ule ule na mitihani ile ile ya UNEB, baraza la mitihani la taifa. Zinapotofautiana ni kwenye vipindi vinavyofundishwa kweli na vile vinavyobaki karatasini.

Shule ninayoieleza ni ya mseto, ya bweni na ya kutwa, S.1 hadi S.6, yaani miaka yote sita ya sekondari, nje kidogo ya mji wa Tororo. Jina silitaji kwa kuwa mwanangu bado yumo, na yapo mambo nitakayoyalalamikia bila kuuma maneno. Binti yangu aliingia S.1 Februari 2020, kundi la kwanza kabisa la mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioandaliwa na NCDC, kituo cha taifa cha kukuza mitaala. Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na madarasa yote hayakurudi pamoja mpaka Januari 2022, naye akapandishwa S.2. Mtaala wenyewe ulikuwa mgeni hata kwa walimu wake. Mdogo wake wa kiume yuko S.3 sasa, kwa hiyo nimeiona shule ikijifunza kufundisha upya, na naweza kusema palipokua na palipodumaa.

Kwa mzazi aliyesoma zamani kama mimi, mambo yamegeuka sana. Zamani orodha ya masomo ya nchi nzima ilipita 40. Sasa ni 21. Mtoto wa S.1 na S.2 anasoma 12: 11 ya lazima na moja la kuchagua. Akifika S.3 ya lazima yanabaki saba, yaani Kiingereza, hisabati, fizikia, kemia, biolojia, jiografia na historia pamoja na elimu ya siasa, halafu anaongeza moja au mawili. Alama hazitoki kwenye mtihani wa mwisho peke yake. Asilimia 20 zinatokana na kazi anazofanya shuleni mwaka hadi mwaka, na 80 ndizo za mtihani wa UNEB. Matokeo ya kwanza ya namna hiyo yalitoka Februari 2025, na simu yangu haikupumzika: kila shangazi alitaka kujua binti amepata agrigeti ngapi, yaani jumla ya alama, na yuko divisheni, yaani daraja, la ngapi. Agrigeti haipo tena S.4, wala divisheni. Kuna herufi, A hadi E, somo kwa somo. Mimi nimeupenda mfumo huu, kwa sababu nilijua mwanangu anaweza nini kwenye kemia na anaweza nini kwenye historia, badala ya kupewa namba moja inayoficha yote.

Kitu ambacho shule hii inakifanya vizuri kuliko jirani zake ni mradi. Kila mwanafunzi sharti afanye kazi ya mradi, na katika shule nyingi ninazozijua mradi maana yake ni sabuni ya maji. Mwaka wote sabuni ya maji, na wasiochemsha sabuni wanatengeneza makaa ya maganda. Sisemi ni vibaya. Lakini mwalimu wa biolojia wa hapa aliwaambia watoto waanze na jambo linalowakera njiani. Kundi la binti yangu likachagua vumbi la malori. Walichuma majani ya muhindi kando ya barabara ya malori, mengine katikati ya shamba, mengine mbali kabisa, wakayapangusa kwa vitambaa vyeupe vilivyopimwa kwanza kwenye mizani ya maabara, kisha wakavipima tena. Jikoni kwangu kulijaa bahasha zilizoandikwa kwa penseli. Kabla ya hapo nilikuwa namwona akikariri. Kwenye kazi ile nilimsikia akibishana na mwenzake kama mvua ya juzi imeharibu vipimo au la. Ubishi wa namna hiyo sikuwahi kuusikia shuleni nilikosoma mimi, na ndio unaonifanya nilipe karo kwa moyo mweupe.

Maabara zenyewe zinafanya kazi. Nimeingia kipindi cha kemia cha S.3 nikakuta watoto wameshika vifaa kwa mikono yao, watano watano kwa meza. Sababu mojawapo iko wazi: tangu Julai 2022 serikali inawalipa walimu wa sayansi wenye digrii shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwalimu wa fizikia aliyekuwa akikimbilia shule za binafsi kutafuta vipindi vya ziada sasa yupo mpaka jioni, na watoto wanamfuata na maswali. Wenzake wa masomo ya sanaa wakabaki kwenye milioni 1 hivi. Waligoma 2022, wakagoma tena Juni 2025, na muhula ule mwanangu alirudi nyumbani na daftari la historia lisiloandikwa ukurasa. Sitaki mzazi asome haya akadhani nawalaumu walimu. Mwalimu wa historia wa shule hii ndiye anayeendesha mdahalo, Jumamosi na hata likizo, na analipwa robo ya anacholipwa jirani yake wa maabara. Jambo hili linaniumiza, na linatuhusu wazazi wote.

Sasa Kiswahili, ambako nitakaa kidogo.

Kwa mtaala huu Kiswahili ni somo la lazima S.1 na S.2. Katiba ilikwisha kukifanya lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Kwenye ratiba ya shule hii vipindi vipo vyote, na nathibitisha kwamba vinafundishwa. Tatizo ni kwamba mwalimu aliyesomea Kiswahili ni mmoja. S.1 ina mikondo minne, kila mmoja una watoto zaidi ya 80. Hebu fikiria insha za watoto wote hao zikiwa mezani kwa mtu mmoja. Matokeo yake insha hazisahihishwi. Mtoto anapewa zoezi la kujaza nafasi, anapata tiki, basi. Mwanangu amekulia kwenye Kiswahili cha Malaba, anakizungumza usingizini, lakini ngeli zinamshinda. Mwenzake wa dawati moja ametoka kijijini, anaanzia kwenye salamu. Wote wawili wanafundishwa kitu kimoja kwa dakika zile zile, na hakuna anayeshiba.

Mwalimu huyo, hata hivyo, nampa heshima yake. Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, anasimamisha tamasha ukumbini: ngonjera, mashairi, mchezo wa kuigiza walioutunga watoto wenyewe. Mwaka mmoja waliigiza dereva wa lori, askari wa forodha na mama muuza chai, na wazazi tuliotoka mpakani tulicheka mpaka tukafuta machozi, kwa sababu kila neno lilikuwa la kwetu. Mtoto wa Kipadhola aliyeigiza dereva wa Mombasa alikuwa amejifunza Kiswahili hapo hapo shuleni, miaka miwili tu.

Halafu anafika S.3, na hapa ndipo shule inanikosea. Kiswahili kinakuwa somo la kuchagua, jambo lililomo ndani ya mtaala, sina ugomvi nalo. Ila kwenye ratiba wamekiweka saa ile ile ya ICT, somo la kompyuta. Mtoto akienda huku hawezi kwenda kule. Nilimuuliza mwalimu wa taaluma, "Mwalimu, nani aliamua hivi?" Akanijibu kwa upole, "Mama, vyumba havitoshi." Ninamwamini. Lakini mimi nahitaji vyote viwili kila siku ya kazi. Asubuhi nafungua ASYCUDA, mfumo wa forodha, kwenye kompyuta niingize tamko la mzigo. Robo saa baadaye niko nje nazungumza na dereva aliyetoka Mombasa usiku, namweleza karatasi gani imekosekana. Anayejua kompyuta asijue lugha ya barabara ataomba mkalimani. Anayejua lugha asijue kompyuta atabeba mizigo ya wengine. Shule iliyo karibu na mpaka namna hii ingepaswa kuwa ya kwanza nchini kuviweka vipindi hivi mbalimbali. Mwanangu amechagua ICT. Chumba chenyewe kina kompyuta chache, watoto watatu kwa moja, na umeme ukikatika kipindi kinageuka cha ubaoni.

Baada ya masomo, shule inachangamka. Vipindi vya darasani vinakoma saa tisa kasoro dakika kumi, kisha inakuja zamu ya vilabu na michezo mpaka saa kumi na nusu, kama mtaala unavyotaka. Nenda wakati huo ujionee. Mdahalo nimekwisha kuutaja. Kuna kikundi cha muziki kinachopiga akogo, vinanda vidogo vya vidole vya Kiteso, vijana zaidi ya kumi wamekaa mstari mmoja na vidole gumba vinakwenda pamoja; wakianza, hata wapishi hutoka jikoni. Kuna skauti, Msalaba Mwekundu na klabu ya wakulima wanaolima sukuma na nyanya nyuma ya mabweni. Mboga zao zinaingia jikoni kweli, nimeziona sahanini. Mbio ndefu zimepata nguvu, hasa kwa wasichana, tangu Peruth Chemutai alipotuletea dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Kwao Sebei si mbali na huku, na wasichana wanamwona kama dada yao.

Lakini wanaofaidi vilabu ni wa bweni. Mtoto wa kutwa anayekwenda Osukuru au Malaba hufikiria giza na nauli ya boda. Wengi huondoka kengele ya mwisho ikilia, na hakuna anayewazuia wala anayewapangia njia nyingine. Binti yangu alikuwa wa kutwa mpaka S.2, mdahalo hakuugusa hata siku moja. Alipohamia bweni, ndani ya muhula mmoja alikuwa anasimama mbele ya shule nzima akijenga hoja. Kama uwezo wa bweni haupo, muulize mwalimu wa klabu kama vikao vinaweza kuhamishwa wakati wa mapumziko ya mchana. Klabu ya skauti imekubali kufanya hivyo.

Bweni si la anasa. Vitanda vya ghorofa vimebanana, posho na maharage ni siku zote, wali ni Jumapili. Madirisha hayana nondo na milango inafunguka kuelekea nje, ili moto ukizuka watoto watoke, jambo la kwanza nililokagua kwa mikono yangu, na nakusihi ulikague popote unapompeleka mtoto alale. Matroni anawajua watoto kwa majina. Karo ya bweni tunalipa karibu shilingi laki tisa kwa muhula; ya kutwa haifiki nusu yake. Juu yake weka rimu mbili za karatasi, fagio, na kile wanachokiita pesa ya mradi. Hiyo ya mwisho inadaiwa kila muhula, hata muhula usio na mradi, na risiti yake haisemi imenunua nini.

S.5 na S.6 nitapita haraka kwa kuwa binti yangu bado anaendelea. Mchepuo wake ni historia, uchumi na jiografia, pamoja na General Paper, somo la maarifa ya jumla. Michepuo ya sayansi ina walimu kamili. Kiswahili hakifundishwi kabisa ngazi hiyo, na mtoto anayekitaka lazima ahame shule, ilhali UNEB inakitahini.

Kwa mtoto mwenye bidii asiyehitaji kusukumwa, na hasa msichana anayependa sayansi, naipendekeza shule hii bila kusita. Kwa mtoto mpole wa kutwa, mzazi ajue atalazimika kufuatilia mwenyewe, kwa sababu katika darasa la watoto 80 aliyekaa kimya haonekani.

Wazazi kadhaa wa Malaba tumekwisha kuandika barua ya kupelekwa kwenye mkutano ujao wa PTA, chama cha wazazi na walimu. Tunaomba mambo mawili. Kiswahili na ICT visigongane tena S.3. Na pesa ya mradi, ambayo sote tunailipa, imlipe mwalimu wa pili wa Kiswahili mpaka serikali itakapomleta wake. Mwenye mtoto hapo na anataka kutia sahihi, barua iko kwa mweka hazina wa PTA.